Ramani ya Kufika Kwangu Milanzi

Milanzi, Sumbawanga
Mwezi wa saba, siku ya baridi kali

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua barua hii unasomewa na wifi Neema, kwa hiyo namwomba asome taratibu, kwa sauti, na asiruke mahali hata pale nitakapokugombeza kidogo. Goti linaendeleaje? Dawa ya kuchua niliyoituma kwa basi ilikufikia, au iliishia mgongoni kwa kaka Masanja? Mtama mmeshaanika? Mimi ni mzima. Kifua kilinibana wiki mbili kwa upepo wa huku, sasa kimeachia. Ningekupigia simu, lakini tangu mashine za kiwanda cha pamba zikuharibie masikio, wewe na simu hamuelewani. Mara ya mwisho tulimaliza dakika kumi unaniuliza mimi ni nani.

Barua yako aliyokuandikia kaka niliipata. Maneno yenyewe yalikuwa machache: "Kama cheti kinakwisha, kiache kiishe. Urudi nyumbani." Niliisoma nimesimama kiwanjani kando ya ndege, nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikaenda zangu kuruka. Nilikasirika, Baba. Nisamehe kwa kulisema, lakini nikilificha utalisikia tu kwenye maneno yangu.

Naona kaka alikueleza nusu, basi nikueleze yote. Leseni ya kurusha ndege ninayo na haina neno. Kinachoisha ni cheti kingine, cha kufundisha watu kurusha, nilichokipata ng'ambo. Ndege yetu ndogo, hii inayoteremsha waganga na chanjo bonde la Rukwa na kwa wavuvi wa ziwani, imesajiliwa kulekule, kwa hiyo sheria ya kule ndiyo inayosema nani afundishe ndani yake. Kila baada ya miaka miwili lazima nikihuishe cheti hicho. Nikizembea, itabidi nirudi ng'ambo nikatahiniwe upya angani, na unajua ile safari ya kwanza ilivyotutoa jasho nyumba nzima. Hakuna safari ya pili.

Tena si mimi peke yangu. Hapa kuna binti anaitwa Felista, mtu wa Chala, fundi msaidizi wa ndege yetu. Alianza kwa kufuta vioo na kubeba madumu ya mafuta. Leo ananitua mimi mwalimu wake kwa upepo wa ubavuni, nami nimekaa mikono mapajani, naomba Mungu kimoyomoyo. Amebakiza kidogo sana aruke peke yake, na sisi hatuna mkufunzi mwingine. Cheti changu kikifa, masomo yake yanakufa pia. Na nilimwahidi, Baba. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu hamuahidi mwenzake halafu akaangalia pembeni.

Zamani ningelazimika kusimama mbele ya afisa ana kwa ana. Siku hizi wamelegeza. Unasoma masomo ya kujinoa kwenye simu, ukifaulu unapangiwa miadi ya video. Afisa anakutazama uso, anatazama pasi yako ya kusafiria, unatia saini huku anakuona, kazi imekwisha. Masomo niliyasoma kwa kuyavizia, mengine nimekaa chini ya bawa la ndege nikisubiri waganga wamalize kuchanja watoto. Miadi ya kwanza umeme ulikatika na mnara wa simu ukazima nao, uso wa afisa ukaganda na mdomo wazi, tukaishia hapo. Akaniandikia kwamba amebakiwa na nafasi moja tu kabla cheti hakijaisha. Zilikuwa zimesalia siku tatu, na barua yako ndipo iliponikuta.

Siku yenyewe nilijiandaa kama bibi harusi. Saa kumi na moja jioni, kwa afisa ni asubuhi. Mama Oliva, mwenye nyumba wangu, yule mjane anayefuma masweta ya wanafunzi, alisimamisha mashine yake ili isinipigie kelele. Simu yenye bando tuliifunga kwenye nondo ya dirisha la sebuleni kwa uzi wake wa kijani, maana hapo ndipo mtandao unaposhika. Kompyuta nikaiweka juu ya meza ya kufumia. Kabla sijakaa, nikamwona ametoka chumbani kwake na kitenge kipya. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema haendi popote, si nilimwambia kuna mgeni.

Afisa alipotokea kwenye kioo, mzee mwenye miwani na sauti ya upole, Mama Oliva alichutama nyuma yangu akapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa, kama wanavyomsalimia huku mgeni wa heshima. Afisa alisikia makofi asione mtu. Akauliza ni nini hicho. Nikamwambia unasalimiwa. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, na Mama Oliva akaridhika, akaenda zake jikoni.

Pasi ilikuwa sawa. Karatasi ya kufaulu ilikuwa sawa. Kisha akafika kwenye anwani. Nilikuwa nimejaza sanduku la posta la ofisi, kama tunavyojaza wote. Tangu darasa la kwanza anwani yangu ilikuwa sanduku la parokia, na sanduku lenyewe sijaliona mpaka leo. Afisa akasema hilo ni sanduku, yeye anataka kujua ninapolala. Nikatoka mbio kutazama ukutani, maana nilikumbuka namba ya nyumba ilishaandikwa. Kumbe Mama Oliva aliipiga chokaa wakati wa Krismasi, nyumba ipendeze. Kibao cha jina la barabara hakipo, na jina lenyewe hakuna anayelijua.

Nilidhani ndio basi. Afisa akasoma kanuni zake, akaniambia mtu asiye na namba wala barabara anaruhusiwa kuchora ramani ya kufika kwake, na chini yake aeleze njia kwa maneno. Bila hiyo fomu haipiti. Akasema atasubiri nusu saa, wala hatakata.

Nikachora. Nilichora kama nilivyozoea: kaskazini juu, kiwanja cha ndege, umbali, pembe ya kuelekea kwetu. Nikamwonyesha najiamini. Akaitazama sana. Akasema, "Hii itaifikisha ndege. Mtu wa miguu atafikaje?"

Baba, niliona aibu. Miaka mitatu naishi nyumba hii, kutokea juu nafumba macho na kuionyesha, lakini maneno ya kumwelekeza mtu kwa miguu sikuwa nayo. Nikamwita Mama Oliva. Akafuta mikono, akakaa, akaanza kusema bila kufikiri mara mbili, nami naandika na kumfasiria afisa. Ukitoka sokoni, ulizia mashine ya kusaga ya Mzee Sikazwe. Hapo acha lami, shika mkono wa kuume. Utapita nyumba ya fundi baiskeli, usiingie kwake, anaongea sana. Utaona kanisa dogo, halafu mikaratusi miwili. Hapo ukimuuliza mtu yeyote Mama Oliva wa masweta, atakushika mkono akulete.

Afisa akauliza, je, Mzee Sikazwe akihama?

Mama Oliva akamjibu, "Mzee Sikazwe tulimzika mwaka juzi, na mashine wameshaiuza kwa mtu mwingine. Wewe ulizia hivyohivyo, utafika."

Nilifasiri neno kwa neno nikiwa nimekata tamaa. Yule mzee akavua miwani akaifuta, nikaona mabega yake yanatikisika kwa kicheko. Akasema kijijini alikozaliwa kuna njia panda inayoitwa kwa jina la muuza maziwa aliyekufa kabla baba yake hajaoa. Akaandika kitu, akaniambia nitie saini.

Hapo ndipo picha ikaganda. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kioo cha kompyuta. Mama Oliva alikwenda dirishani akaifungua ile simu, akapanda juu ya kiti akaiinua mpaka kwenye dari, akakaa hivyo mkono umenyooka, mtu wa miaka sitini. Mtandao ukarudi. Nikatia saini. Afisa akatutakia heri, na Mama Oliva kule juu ya kiti akaniambia, "Mwambie akifika huku asipite bila kunywa uji." Nikamwambia. Akasema njia sasa anaijua.

Karatasi ya muda, ya kutumia mpaka cheti kipya kifike, ilikuja kwenye barua pepe kabla hatujashusha kiti. Nililia kidogo, sikufichi. Asubuhi nilimwonyesha Felista. Aliisoma yote, hata maandishi madogo ya chini, akanirudishia, akaenda kukagua mafuta ya ndege. Baadaye niliona amekagua mara mbili.

Basi, Baba, jibu langu ni hilo. Sirudi, si sasa. Sikatai kwa kiburi. Hii ndiyo kazi yangu na ninaiweza, na kuna mtu ananitegemea. Ukiona nimekaza shingo, jua nimeirithi kwako. Wewe ulikaa na zile mashine miaka yote ile hata baada ya kuambiwa masikio yatakwisha. Majirani nao waambie waache kukutisha kwamba Sumbawanga watu wanaruka kwa ungo. Mwambie yule anayesema sana kwamba anayeruka huku ni binti yako, anaruka mchana kweupe, na ana cheti.

Nisalimie mama mdogo anayekupikia, mwambie asikuongezee chumvi hata ukimlilia. Kaka Masanja mwambie nimemsamehe ile barua, mwandiko wake tu ndio sijausamehe. Wewe wifi Neema, msomaji wetu, pumzika koo, nakushukuru sana. Watoto wabusu wote.

Nimebakiza jambo moja. Kila nikikuambia uje, unaniuliza utashukia wapi na utamuuliza nani. Humu kwenye bahasha nimekuwekea ramani ileile, nimeichora upya kwa herufi kubwa, na maneno yote ya Mama Oliva yapo chini yake. Nimeongeza kipande cha kutoka huko nyumbani Misungwi, ukipitia Tabora na Mpanda. Mzee wa ng'ambo ambaye hatakuja kamwe anaijua njia ya kufika kwangu, na baba yangu haijui. Sikulipenda hilo hata kidogo. Pale nilipoweka alama nyeusi ni chumba chako. Mama Oliva anataka akufumie sweta kabla hujafika, maana baridi ya huku haina adabu kwa wageni. Aliniuliza mabega yako yana upana gani. Nilinyanyua mikono kumwonyesha, nikaipanua, nikaipunguza, kisha nikaishusha. Sikuwa na hakika tena. Nilimwambia asubiri, utakuja upimwe mwenyewe.

Wabeja, asante sana, Baba.

Mimi binti yako asiyesikia,
Kabula