Mgeni wa Kitanda Chako

Mdogo wangu mpenzi, Bwana Mkubwa,

Nakusalimu kwa mapenzi tele, nikiomba barua hii ikukute mzima, umeshiba, na soksi zako ni kavu. Sisi hatujambo. Mama macho yamepona kabisa, ila vidole viwili vya mkono wa kulia bado haviinuki. Anashona kwa wa kushoto, na mishono ikipinda ananilaumu mimi!

Tangu bomu la sokoni limuumize Mama na kutunyang'anya Baba, kiwandani hatushoni tena sare za shule, ni za jeshi tu. Msimamizi anasema vita ni riziki. Nilimjibu kwamba riziki ya namna hiyo ampelekee mama yake. Alininunia wiki nzima, nikafanya kazi kwa raha zangu.

Umeandika kwamba unataka kutia saini muhula wa pili jeshini, mpaka muwamalize huko ng'ambo. Nakuelewa. Hata mimi ndege zetu za vita zilipoondoka kwenda kuwapiga nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Lakini wale tuliotangaziwa mwaka jana kwamba wamemalizwa ndio hao hao mnaowamaliza mwaka huu. Na aliyejilipua sokoni hakuvuka mpaka wowote. Alizaliwa nyuma ya shule yetu. Juzi kinyozi aliwauliza wateja wake nani aliona kijana yule ameacha kusalimia watu, na nani alimuuliza kulikoni. Mzee mmoja akafoka kwamba maswali hayo yanamsaidia adui. Kinyozi akasema kikulacho ki nguoni mwako, basi kila mtu akajitazama nguo.

Sasa jambo lenyewe. Kaa chini kwanza.

Unamkumbuka yule mama niliyekuandikia habari zake, aliyekuwa akimlisha na kumwosha Mama hospitalini, macho yakiwa yamefungwa bandeji? Tulidhani ni mhudumu wa wodi. Siku ya kuruhusiwa, Mama alimuuliza ana watoto wangapi. Akasema alikuwa naye mmoja, kisha akamtaja. Ndiye yule yule wa sokoni.

Nilitaka kumrukia. Mama akanishika, akamuuliza kama kuna mtu aliyempa pole. Hakuna, hata mmoja. Mwanawe alizikwa na askari, yeye hakuitwa, na nyumba yake ilichomwa moto. Basi Mama akampa pole. Walishikana wakalia. Mimi nilitoka nje kwa hasira, nikarudi, nikalia nao.

Analala kitandani kwako, mdogo wangu. Anajua likizo yako imekaribia, kwa hiyo kila asubuhi anafunga kifurushi chake aondoke, na Mama anakifungua. Kuna siku namchukia, kuna siku namsuka nywele. Majirani nusu hawatusemeshi.

Mama anakuomba usitie saini kabla hujaja kula na mgeni wetu sahani moja. Ukishindwa kumpa pole, Mama hatakulaumu, kitanda ni chako na Baba alikuwa wako pia. Ila kumwambia aondoke utamwambia wewe mwenyewe, ukimtazama usoni.

Kinyozi anakusalimu, na majirani wote ambao bado wanatusalimia. Tunakupenda mno, njoo.

Ni mimi dada yako,
Mwenye Mdomo