Saa Inayosikiliza Ujerumani

Campbelltown, Jumapili jioni

Na bado anabisha! Mume wangu, kiongozi mzima wa kwaya, ameingia kanisani kwaya ikiwa imeshaimba na kukaa, halafu ananikazia macho mimi.

Jana nilimkumbusha kwamba usiku saa zinasogezwa mbele kwa saa moja, Sydney nzima. Akanijibu akigonga saa yake ya mkononi, "Hii haiguswi, Mama Neema. Inajirekebisha yenyewe."

Inajirekebisha ikiwa Ulaya. Kule Ujerumani kuna mnara unaorusha majira sahihi kwa mawimbi ya redio, na saa ya mkononi huyanasa usiku. Huku hayafiki. Neema amemweleza babake kwa Kiingereza, mimi kwa Kiswahili. Wapi! Kila usiku anailaza dirishani, uso nje, kama mgonjwa anayeota jua.

Leo nimemcheka mpaka mbavu zimeniuma. Kisha kicheko kikaniisha, maana sababu naijua. Saa hiyo ametumiwa na mdogo wake. Waliagana kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, sisi tukaletwa huku, yeye baadaye akafika Ujerumani, na hawajaonana tena. Akiirekebisha kwa mkono, atakuwa amekubali kwamba kutoka kule hakufiki kitu.

Sasa anaoga, anaimba kwa sauti ule wimbo alioukosa. Nimeichukua dirishani, nimebonyeza vitufe, nimesogeza mshale mbele, nimeirudisha palepale, uso nje.

Kesho ataniamsha kwa shangwe: si nilikuambia? Nami nitamwomba radhi, tena kwa unyenyekevu ambao hajawahi kuuona tangu anioe.