Ukurasa Mweupe wa Maziko ya Baba Mdogo

Saskatoon, Kanada

Mdogo wangu Otieno,

Natumaini wewe, mkeo na watoto hapo Kendu Bay ni wazima. Mimi nina afya, ila sina amani tangu Jumapili, nilipompigia simu Shangazi Rosa kule Sori.

"Nyinyi wasomi," akaniambia, "mlinificha kaka yangu."

Maziko ya baba mdogo yalipohamishwa kutoka Ijumaa hadi Alhamisi, uliwaambia jamaa wasisumbuane kwa simu, kila kitu kiko kwenye tovuti yetu ya familia. Shangazi akafungua. "Niliona weupe, mwanangu. Nikangoja, weupe tu." Akafika Ijumaa, mmeshakunja mahema, saruji imekauka juu ya kaburi la ndugu yake wa mwisho.

Nimekagua ulichoandika. Otieno, nani alikutuma? Najua unaichukia JavaScript, lugha ya programu ambayo vivinjari vya intaneti huielewa. Umeniambia mara nyingi kwamba ni lugha ya ovyo. Haya, zipo nyingine, nami nimezitumia. TypeScript hukuonyesha makosa mapema, kisha hugeuzwa kuwa JavaScript ileile. Python uliyoichagua wewe kivinjari hakiielewi, ndiyo maana ukurasa wako unailazimisha simu ipakue kwanza Python nzima, ndipo neno moja lionekane. Kwenye kompyuta yako ya ofisini hutaona tofauti. Kwa simu ya Shangazi, na mtandao wa Sori, huo ni ukuta. Na ulikuwa unaonyesha nini? Siku, saa, mahali. Hayo yanataka HTML tupu, maandishi na alama za kuyapanga, bila lugha yoyote ya kuendesha ukurasa. Huo ndio mbadala ulioudharau, kwa sababu haumpi mtu sifa.

Sasa unaomba uandike tena ukurasa wa ibada ya kumbukumbu. Hapana. Nimekuondolea ruhusa kwenye tovuti. Nimeandika mistari sita, inatosha. Lakini Shangazi amesema hatakanyaga boma letu mpaka aliyeandika ule ukurasa aende kwake mwenyewe, na ibada bila yeye tutaiitaje? Basi nenda Sori wiki hii. Usimtume mkeo. Usimweleze habari za Python. Sema ulikosea, kisha nyamaza. Akikutukana, msikilize mpaka achoke.

Msalimie mama mkwe wako wa Ndhiwa, na shemeji yetu mwalimu wa kwaya, ambaye peke yake alipokea simu yangu siku ya maziko. Wewe nitakusalimu ukishatoka Sori.

Kaka yako mkubwa,
Odhiambo