Kihariri Alichokikataa Kazija

Mjini Unguja, 4 Machi 2019

Mdogo wangu Kazija,
Assalaam alaykum. Sie huku wazima, alhamdulillah. Sijui wewe na Baba hapo Tumbe hali zenu.
Nakuandikia barua pepe kwa sababu simu hupokei. Programu yetu ya chanjo za watoto inakaguliwa tarehe 18. Nilikutumia kihariri cha kuandikia programu, tunachotumia sote ofisini: kina rangi, kinakumalizia maneno, kosa kinalionesha papo hapo. Hukitumii? Jana kwenye sehemu yako mtoto wa miezi tisa kasomeka ana miaka tisa!
Kakaako, Othman

Tumbe, 6 Machi

Kaka Othman,
Wa alaykumu ssalaam. Baba mzima, anakusalimu sana.
Kihariri chako nilikitia, nikakitoa. Kompyuta hii ya mezani kongwe, yakwama. Natumia kile chepesi kisicho rangi. Niachie, kaka. Makosa nitayatoa.
Mdogo wako, Kazija

Unguja, 9 Machi

Kazija,
Salaam. Natumai u mzima.
Usinifanye mjinga. Fundi Bakar kaitazama mashine hiyo wiki iliyopita, anasema haina tatizo. Ni ukaidi wako tu. Nijibu kabla ya Jumatatu, la sivyo sehemu yako nampa Ahmada wa hapa ofisini.
Kakaako

Tumbe, 15 Machi

Kaka,
Assalaam alaykum. Jumatatu imeshapita, labda nimechelewa.
Mashine nzima, nilikudanganya. Unisamehe. Ni macho. Tangu Novemba daktari kaniambia nina presha ya macho. La kulia limekwenda. La kushoto naona kama nachungulia tunduni. Kihariri chako kimejaa vidirisha, nikikodolea kimoja vyengine vyote vyanipotea, na ile programu inayonisomea skrini kwa sauti hubabaika humo. Kwenye hiki chepesi hunisomea mstari kwa mstari.
Dawa ya matone natia kila siku. Usimwambie Baba, nakuomba. Atanitoa kwenye kiti hiki, na mimi kazi nyengine siijui.
Mdogo wako

Unguja, 16 Machi

Kazija, mdogo wangu,
Wa alaykumu ssalaam. Allah akupe shifaa.
Nimeshamwambia. Nimempigia asubuhi hii, sikuweza kukaa nalo. Kasirika, una haki.
Ahmada sijampa kitu. Hicho kihariri chepesi nimekitia na mimi, nikafumba macho nijaribu kuandika kwa kusikiliza. Hata dakika kumi sikufika. Nami nilikuita mkaidi.
Kakaako, Othman

Tumbe, 17 Machi

Kaka Othman,
Wa alaykumu ssalaam. Sijakusamehe bado.
Jana Baba kaingia chumbani bila hodi, mikono yanuka dagaa. Kasimama nyuma yangu. Mimi naandika, nangoja aseme ondoka hapo. Mashine ikasoma.
"Yanena nini hiyo?"
"Yanena mstari wa arobaini na mbili nimekosea neno, Baba."
Akavuta kiti, akakaa ubavuni kwangu.
"Basi litengeneze, tusikie."
Mdogo wako, Kazija