Nasifiwa Ukurasa wa Saba, Kosa Langu Liko wa Tisa

Mpendwa mshauri, msaada ninaouomba leo si wa mapenzi, upande huo niko sawa na kuna wanaonionea wivu. Ni jambo la kazini na linataka jibu kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Mimi ni kijana wa mapokezi katika hospitali ya umma, na kama umewahi kuumwa upande huu wa mji basi namba yako niliitoa mimi. Wananiita Kipaza, kifupi cha kipaza sauti, kwa sababu kile cha kuitia wagonjwa kiliharibika nikiwa bado nasukuma machela, matroni akasema hebu wewe mwenye mdomo simama hapo uite, nikaita, na mpaka leo hakuna aliyekumbuka kukitengeneza. Shule niliiacha njiani, lakini nikisimama kwenye ngazi ya mlangoni hata madaktari hunyamaza wasikilize.

Sasa mshauri, zamani pale ilikuwa vurugu, wa presha kachanganyika na wajawazito, mtu anafika alfajiri anaondoka adhuhuri na karatasi ya namba imelowa jasho mkononi. Nikatumia akili. Nikapanga mabenchi, halafu kila asubuhi nachukua kadi ya mtu, naisoma, natangaza: presha, benchi la ukutani, na mpunguze hasira, daktari haogopi macho makali, sukari, katikati, wajawazito, mbele, na mashemeji zangu mliowasindikiza mtasimama, kifua kikuu, mwisho kule dirishani mpate upepo. Watu wanacheka, wanasogea, foleni inayeyuka kama sabuni kwenye maji ya moto.

Ndiyo maana ripoti ya mwaka imetoka na sifa tele. Wodi ya wazazi imepanuliwa, mashine mpya ya picha imefika, maji hayakatiki tena, na ukurasa wa saba, naomba usome polepole kama nilivyosoma mimi kwa kidole, umeandika kwamba muda wa kumsubiri daktari umeshuka kutoka saa nne hadi saa moja na nusu kutokana na ubunifu wa kijana wa mapokezi. Mimi huyo. Ijumaa hiyo kuna hafla uwanjani kwetu, watakuja wageni wa wizara na wakuu wa hospitali nyingine tatu, nitapewa cheti, kisha nitasimama niwaonyeshe ninavyoita ili nao wakafanye vivyo hivyo kwao. Mama ameshapigilia msumari ukutani, maana nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kupewa karatasi yenye muhuri isipokuwa ile ya kuzaliwa, na dada anasema cheti changu kiandikwe "kelele zenye faida".

Ningeishia hapo ningekuwa na raha yangu, lakini nikafunua mbele. Ukurasa wa tisa ni wa changamoto. Wauguzi hawatoshi, gari la wagonjwa ni moja na lenyewe linaumwa, dawa zinachelewa, halafu chini kabisa: wagonjwa kumi na tisa wa kifua kikuu wameacha dawa kabla ya kumaliza miezi sita, sababu haijajulikana. Nikamkumbuka mmoja, fundi baiskeli wa barabara ya nyuma, mzee mtani wangu sana, hajaonekana karibu mwezi na alibakiza miezi miwili tu. Nikaenda, nikamkuta anaziba pancha.

"Shikamoo, fundi. Mbona umelitoroka benchi lako?"

"Marahaba. Benchi lipi, la dirishani?"

"Ndilo hilo. Au dawa zimepungua utamu?"

Hakucheka. Aliendelea kupiga msasa ule mpira. "Kijana, wewe ulinitangaza. Siku ile uliposema fundi baiskeli nenda dirishani kwa wenzako wa kifua, jirani yangu wa duka alikuwa amekaa benchi la presha. Kesho yake dukani kwake nakuta kikombe changu cha chai kimetengwa, kimefungwa uzi mwekundu kisichanganywe na vya watu."

"Si ungeniambia, fundi?"

"Nikuambie wewe? Ungenijibu kwa sauti hiyohiyo."

Akakohoa, akashikilia gurudumu mpaka kikohozi kikapita, akaniuliza kama nina baiskeli ya kutengeneza, kama sina nimpishe mwanga. Mshauri, nikampisha mwanga, nikaondoka. Muuguzi wa kliniki ya kifua ameshatuambia mara nyingi kwamba anayeacha dawa katikati ugonjwa humrudia ukiwa sugu na unaweza kumzika.

Nikamweleza karani wa takwimu, yeye ndiye aliyeandika ripoti. Akacheka. "Nyamaza wewe. Mafanikio yako yako ukurasa wa saba, hao kumi na tisa wako wa tisa. Wageni huwa hawafiki wa tisa, chakula kinakuwa kimeshaiva."

Sasa nikisema, cheti kinapaa, na mama atautazama ule msumari mpaka mwakani. Nikinyamaza, fundi ndiyo hivyo. Na kuna wakati najiambia sina kosa, si wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, basi mimi si niliwasaidia wasifiche? Nifanyeje, na tafadhali usinijibu kwa ukali sana, huku gazeti lako husomwa kwa sauti.

Ni mimi, Kipaza wa mapokezi.

JIBU

Kijana wangu Kipaza, umenichekesha mpaka nilipofika kwa fundi, hapo nikaweka kikombe changu chini.

Nianze na sifa, maana najua bila hizo hutasoma mpaka mwisho. Ulichofanya pale mlangoni ni kazi. Mama mwenye mtoto anayechemka homa, aliyekuwa akisubiri saa nne na sasa anamwona daktari kwa saa moja na nusu, hakupewa hilo na wizara, amepewa na wewe. Hiyo usimruhusu mtu akunyang'anye, hata mimi.

Sasa kaa vizuri. Ile methali uliyojifunika nayo inamhimiza mgonjwa amwambie tabibu. Haikumtuma kijana wa mapokezi awaambie wenye maduka. Wewe ulikabidhiwa kadi ili uisome kwa macho, ukaisoma kwa mapafu. Na usinidanganye kwamba hujui ulikosea wapi. Kosa lako si kupanga mabenchi, kosa lako ni kujali kicheko cha benchi moja kuliko aibu ya benchi lingine. Ulimi hauna mfupa, lakini umewavunja watu kumi na tisa, au tuseme wengi wao, wengine huenda wana sababu zao.

Huyo karani mwambie mimi nimefika ukurasa wa tisa.

Dawa ya jambo hili ni nyepesi kuliko hofu yako. Acha kuita ugonjwa, ita namba na chumba. "Namba kumi na mbili, chumba cha tatu," basi. Matroni apange vyumba vihudumie watu mchanganyiko ili mtaa usije ukakibandika chumba jina, na madirisha yafunguliwe yote, upepo hauna wa kumbagua. Foleni yako itakwenda mbio ileile. Utani wako ubaki nao, taniana nao juu ya kofia zao na timu zao za mpira, si juu ya kilichoandikwa kwenye kadi.

Haya yote nenda kamwambie matroni siku hiyohiyo utakayosoma gazeti hili. Anza na fundi, usianze na cheti. Na kama yeye amelisoma kabla yako, basi ujue ameshakutengea kiti. Unaogopa cheti kitapaa. Huenda kikapaa kweli, sitakufariji kwa uongo. Lakini Ijumaa ukisimama uwaonyeshe wakuu wa hospitali tatu jinsi ya kutangaza kifua cha mtu, utakuwa umepanda mbegu ya akina fundi wengine katika miji mitatu. Matroni akikuruhusu kusimama, onyesha njia mpya, na useme kwa nini umeiacha ya zamani. Mama yako mwambie wewe mwenyewe kabla hajaambiwa na jirani. Aliyekuzaa na mdomo huo ameshasikia makubwa zaidi.

Wale kumi na wanane wengine usiwaguse. Ukisimama wewe mlangoni mwa mtu, mtaa wote umeshajua anaumwa nini. Wahudumu wa afya wanajua kuingia nyumbani kwa mtu kama wageni wa kawaida, waachie.

Fundi ni wako. Mwombe radhi mkiwa wawili tu, bila utani, na akikutukana pokea. Mweleze kwamba kikombe hakiambukizi kifua kikuu, kinachoambukiza ni hewa ya anayekohoa bila dawa, kwa hiyo uzi mwekundu haumkingi jirani yake, vidonge ndivyo vitakavyomkinga. Kisha, ukiwa umeshakubaliana na matroni, mwambie fundi kwamba atapokewa na matroni mwenyewe, mlango wa pembeni, saa anayoitaka yeye. Asipokubali siku ya kwanza, rudi ya pili.

Kliniki hufunguliwa saa mbili asubuhi. Saa moja uwe umeshafika kwake, kabla wateja hawajaanza kuleta baiskeli. Akikubali, mwache atangulie peke yake, wewe pitia njia nyingine, na akichagua kupita mlango mkubwa, mkikutana pale ngazini mpe namba kama mtu usiyemjua.