Nilivyomwigiza dada Furaha kwenye baa

Jumapili, Anderlecht, Brussels. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, na pazia sijalifungua.

Tumerudi jana kutoka Ireland. Begi bado liko mlangoni. Watu wananiandikia niweke picha humu bloguni, na kweli zipo, nzuri tu. Lakini leo nina jambo jingine la kuandika, na linanichoma.

Tulikuwa wanne: mimi, Njeri na Otieno, Wakenya ninaosoma nao, na dada Furaha, jirani yangu wa ghorofa ya juu, mzaliwa wa Lubumbashi. Huyu ndiye aliyenipokea nilipofika Brussels miaka mitatu iliyopita, sijui hata neno moja la Kifaransa. Alinipeleka manispaa kujiandikisha. Nilipougua alinipikia uji wiki nzima. Huniita "mudogo wangu". Safari hii ilikuwa likizo yake ya kwanza tangu aanze kazi ya kutunza wazee.

Ijumaa ilianza vizuri mno. Usukani nilishika mimi, maana kule wanaendesha kushoto kama kwetu Tanzania, na kila tulipoingia kipilefti dada Furaha alifumba macho na kumwita Yesu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tuliona majabali yanayoshuka wima hadi baharini, upepo ukamnyang'anya Otieno kofia, tukala supu ya samaki tukiwa tumesimama. Jioni, jua bado linawaka, tukaingia baa ya kijijini.

Mzee mmoja alikuwa anapiga fidla. Akaomba kila mgeni aimbe kitu cha kwao. Mimi nilianza, sauti ikanikauka, nikakaa. Dada Furaha akasimama na soda yake mkononi, akaimba wimbo wa kanisani kwao. Baa nzima ikanyamaza. Alipomaliza watu walipiga meza kwa viganja, na yule mzee wa fidla akafuta macho.

Nilimwonea wivu dada Furaha. Naandika hivyo hivyo, bila kupamba.

Alipokwenda msalani nikawageukia wenzangu. "Jamani, mmesikia Kiswahili kile?" Nikaanza kumwigiza. Muntu, mutoto, bon, donc, alors. Nikavuta maneno anavyoyavuta yeye, nikatikisa kichwa anavyotikisa yeye. Nikasema hicho si Kiswahili, ni Kifaransa kilichojifunga kanga. Otieno akacheka. Nikaongeza.

Njeri hakucheka. Alikuwa anatazama nyuma yangu.

Dada Furaha akanipita, akakaa kwenye kiti chake. Akamalizia soda. Akatuuliza kama tumeshiba.

Ningependa kuandika kwamba niliomba msamaha palepale. Sikuomba. Nilijifanya labda hakusikia. Jana kutwa nikaendelea kujifanya, ingawa kwenye vipilefti vyote alitazama dirishani tu. Tuliposhuka kituo cha treni cha Gare du Nord nilitaka kumbebea begi. "Non, Rehema," akasema. "Ntaibeba." Sikumbuki siku nyingine aliyoniita kwa jina.

Leo mchana nimepanda ngazi, nikagonga. Alifungua akiwa na mwiko mkononi.

"Dada, nisamehe," nikamwambia. "Uliimba ukaweza, mimi nikashindwa. Ndiyo maana nikakucheka. Sina sababu nyingine."

Aliushusha mwiko.

"Bon. Kusamehe, nimekusamehe. Mi niko mukristu." Kisha akasema, "Lakini uliiweza sauti yangu bien kabisa. Donc myaka yote hii tunaongea mu jikoni yangu, weye ulikuwa unasikilizaka nini?"

Akafunga mlango polepole, bila kuubamiza.

Afadhali angeubamiza.

Nimewaandikia Njeri na Otieno ukweli wote, kwamba ulikuwa wivu. Otieno amejibu kwamba naye anaona haya. Haijanipunguzia kitu.

Kesho akitoka kazini nitapanda tena ngazi zile. Jibu la swali lake bado sina. Maana kila nikirudi kwenye zile jioni za jikoni kwake, nakumbuka vizuri jinsi alivyokuwa akisema. Alichokuwa ananiambia, nakumbuka kidogo sana.