Kuiuza Nyumba ya Baba

Langoni, Lamu
4 Mei 2024

Kaka Kamaludin,

Assalamu alaikum. Natumai joto la Doha halijakuchosha na kazi inakwenda vyema. Huku tu wazima, Alhamdulillahi, ila magoti ya Bi Fairuz bado yanamsumbua.

Nakuandikia kwa sababu tukizungumza kwenye simu huishia kugombana. Kadhi amenithibitisha kuwa msimamizi wa mirathi ya Baba. Nyumba haigawiki, kaka. Boriti za juu zimeliwa na mchwa, na mvua hizi zimeangusha dari chumbani kwa Baba. Hakuna kati yetu awezaye kuijenga upya. Mwalimu Jerioth, mpangaji wa hapa mtaani kwa miaka mingi, anataka kuinunua akae na wanawe.

Kadhi anataka warithi wote turidhie: wewe, mimi na Bi Fairuz. Yeye bado sijamwambia. Nitaanzaje kumwambia mjane wa Baba atoke katika nyumba alimomuuguza mumewe mpaka mwisho? Naomba kwanza neno lako.

Mdogo wako,
Razan

*

Doha
19 Mei 2024

Razan,

Waalaikumu salaam. Mimi mzima. Nisalimie shemeji na watoto.

Neno langu ni hapana. Mama alipofariki, Bi Fairuz ndiye aliyetulea. Leo tumtoe nje kwa kuwa wewe umepewa karatasi na Kadhi? Mwache mama wa watu akae kwake. Na usinipigie simu kwa jambo hili.

Kaka yako,
Kamaludin

*

Langoni
2 Agosti 2024

Kaka,

Assalamu alaikum. Umenyamaza sana, na mimi pia nimenyamaza. Natumai u mzima. Kaa kitako, nina la kukueleza.

Nilimwambia Mwalimu Jerioth atafute nyumba nyingine. Jumamosi alikuja kuaga tu, na Bi Fairuz ndiye aliyemfungulia mlango.

"Ndiwe wataka nyumba?" akamuuliza. Sijui alisikia wapi. "Basi ingia uione."

Akampitisha chumba kwa chumba, huku akipapasa kuta. "Hapa panavuya mvua ikinyesha. Na hapa. Hapa usiweke kitanda, mwanangu." Sikujua niufiche wapi uso wangu. Nikamvuta kando.

"Mama, hatukutoi. Kaka na mimi tumekataa kuuza."

"Nani aliyewambia nataka kukaa? Ngazi hizi zimenimaliza magoti. Dada yangu yuko pweke Siyu, kila siku aniita. Nimekaa kwa ajili yenu, nikidhani mwataka nyumba ya baba yenu ilindwe."

Kaka, nilicheka mpaka nikalia. Miezi yote ile, kila nilipokwenda kwake, nilikuwa nampita ukumbini nikiangalia chini kama mwizi.

Kwa fungu lake atajenga chumba na choo ubavuni mwa nyumba ya dada yake. Na wewe amekutumia salamu: "Mwambie Kamaludin asinionee huruma kwa mbali. Anipigie."

Mdogo wako,
Razan

*

Doha
6 Agosti 2024

Mdogo wangu Razan,

Waalaikumu salaam warahmatullah. Nimempigia. Amenigombeza kwanza, kisha akaniombea dua. Idhini nimeitia sahihi na nimeituma.

Hili sikukwambia tulipokuwa tukigombana kwenye simu. Bi Fairuz nilimhurumia kweli, lakini pia niliogopa kwamba nyumba ikiuzwa, nikija likizo nitakuwa mgeni Lamu.

Kaka yako,
Kamaludin

*

Langoni
14 Septemba 2024

Kaka yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Sote wazima, na hata magoti ya mama yamepata nafuu.

Alhamisi tulimaliza kwa wakili, na Mwalimu Jerioth ameshaleta fundi wa boriti. Jana nilimpeleka Bi Fairuz Siyu. Dada yake alikuwa mlangoni. Salamu hazijaisha, wakaanza kubishana kitanda kielekee wapi, wala hawakukumbuka kwamba mimi nimesimama na mizigo kichwani. Niliitua mwenyewe, nikajimiminia chai, nikakaa nikiwasikiliza.

Jana nimelala usingizi ambao sijaupata tangu Baba afe. Mume wangu alidhani naumwa.

Chumba cha mbele hapa kwangu nimekipaka chokaa, ni chako. Ukija, pita huko moja kwa moja, usibishe hodi.

Mdogo wako,
Razan